Mwaloni

Zabuni ilisema: mvinyo mweupe, mchanganyiko,
uliolala mwaloni miezi isiyopungua minane,
chupa elfu kumi na mbili, bei ya dukani
isizidi elfu thelathini na tano.
Niliisoma mara mbili pale ofisini Chang'ombe
na mara zote mbili pua ikanipeleka kwingine:
kwetu Mwanza mwaloni ni mahali,
ni mama na kanga yake kiunoni
akigeuza dagaa juu ya turubai,
ni magamba kwenye kandambili,
ni bei inayopanda jua likipanda.

"Ni mti, Nyanzobe," bosi Elinami akasema.
"Wanachonga pipa, wanalibabua ndani kwa moto."
Basi nikajifunza kwa ulimi
mti nisiowahi kukaa kivulini mwake.

Zikaja sampuli ishirini na moja.
Nikazivika soksi nyeusi zisinitajie majina.
Onja. Tema. Andika.
Onja. Tema. Andika.
Ndoo ya kutemea ni ile ile ya kupigia deki.
Saa tano umeme ukakatika,
friji ikanyamaza kama mtu aliyesutwa.

Ya saba ilinukia vanila, keki nzima ya kipaimara.
Nikampigia muuzaji wake kule Upanga:
pipa lenu la mwaka gani?
Akakohoa.
Kumbe ni vipande vya mbao kwenye kifuko,
vimening'inizwa ndani ya tangi la chuma
kama majani ya chai.
Mvinyo haukulala mwaloni;
mwaloni ndio uliokwenda kuogelea.

Ya kumi na nne niliimeza.
Miaka sita kazini, na mimi simezi.
Embe bichi na chumvi, kisha ganda la mkate,
kisha moshi wa mbali, wa jikoni kwa jirani,
ule unaokufanya uulize leo wamepika nini.
Nikavua soksi. Lebo ya kuandika kwa kalamu:
Yoramu Chiloleti, Hombolo, Dodoma.
Na namba ya simu.

"Una mapipa mangapi, ndugu Yoramu?"
"Matatu, dada. Makuukuu. Niliyanunua kwa mapadri."
Piga hesabu: pipa moja, chupa mia tatu.
Mia tisa, kwa maduka sabini na mbili,
kuanzia Tunduma hadi Holili.
Chupa kumi na mbili na nusu kila duka.
"Stempu za kodi unazo?"
Kimya. Jogoo akawika upande wake wa simu.
"Stempu nitazitafuta."

Elinami hakunyanyua kichwa:
"Usiteme Big-G kwa karanga za kuonjeshwa.
Wale wa Afrika Kusini wako tayari,
kontena litashuka bandarini kabla ya Krismasi."
Na ni kweli. Ya tisa, hiyo yao, haina kosa.
Imepigwa pasi, kila mkunjo mahali pake.
Nikaipa themanini na nane, nikasaini,
nikagonga muhuri.
Sikusaini kwa hasira. Wino ulitiririka vizuri tu.

Halafu nikatoa fomu nyingine, ile fupi,
ya bidhaa za majaribio, isiyojazwa na mtu.
Chupa mia tisa. Maduka matatu:
Oysterbay, Mikocheni,
na lile la Mbezi ambalo haliuzi chochote ila barafu.
Sababu ya ununuzi: mistari miwili mitupu.
Nikaandika, *niliumeza*.
Mstari wa pili nikauacha.
Leo siku ya kumi na moja, Elinami hajajibu.

Mama yuko kwangu Tabata, amekuja kutibiwa goti.
Msabato, hagusi, lakini pua yake
inatenga dagaa wa jana na wa juzi gizani.
Nikamsogezea bilauri, mabaki ya ile ya kumi na nne.
Akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena.
"Hii imelala," akasema. "Imelala wapi?"
"Mwaloni, mama."
Akacheka mpaka goti likamuuma.
"Mwaloni gani huo usio na nzi?"